Wajaribu programu kwa majina ya kutunga, si kwa yetu

Tangu mwaka 2014, wachimbaji wa Masisi wanajua tagi ya plastiki ya ITSCI: namba yake ilikuwa inaandikwa kwenye buku pamoja na siku, mgodi na kilo. Sasa hesabu ya madini inaendelea kuhamia kwenye simu na kompyuta. Sisi hatupingi. Tunauliza tu: kabla programu kuanza kazi, fundi anaijaribu kwa majina ya nani?

Kila programu lazima ijaribiwe. Fundi anaingiza watu, mashimo na kilo, anaangalia pahali inakwama. Njia ya mkato ni kunakili orodha ya kweli ya wachimbaji. Ni rahisi, lakini ni hatari. Kompyuta ya majaribio mara nyingi hailindwi sawa ile ya kazi. Watu wengi wanaifungua, na nakala zinabaki.

Na hapa kwetu, orodha yenye jina, simu, shimo na kilo si karatasi ya ofisi tu. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Aprili 2024, na Walikale-centre ikafikiwa Machi 2025. Mwenye silaha, awe wa upande gani, akishika orodha ile anajua nani amepata na atamdai kiasi gani. Mama na watoto ndio watalipa.

Dawa iko: watu wa kutunga. Kompyuta inaweza kutengeneza wachimbaji elfu moja ambao hawako duniani, wenye simu na kilo zinazofanana na za kweli. Lakini wafanane na watu wa Masisi na Walikale, si wa Paris. Huku jina moja linaandikwa namna mbili ao tatu. Wengi hawana kitambulisho kingine isipokuwa karte ya mchaguzi, na nyingine maandishi yake yamekwisha kufutika. Simu moja inatumika na nyumba nzima. Shimo likiporomoka, kilo ni sufuri. Programu iliyojaribiwa kwa watu wasio na shida hizi itamkataa mchimbaji wa kweli siku ya kupima mzigo, na yeye ndiye atarudi nyumbani bila franka.

Onyo moja: ya kutunga yabaki kwenye majaribio. Mwaka 2022 Global Witness ilitoa ripoti kwamba tagi zilipachikwa kwenye madini ya migodi isiyokubaliwa, ITSCI ilikana. Mjanja wa buku alitunga kilo kwa kalamu. Kompyuta inaweza kutunga maelfu kwa dakika moja. Kwa hiyo kila mtu na kila namba ya kutunga iwekwe alama yake, ikae mbali na hesabu ya kweli, na ifutwe kazi ikiisha.

Sheria iko: Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu. Lakini sheria haiwezi kusimama peke yake kwenye mlango wa koperative. Ndugu wachimbaji, mtu akija kuomba orodha yenu eti ni ya kujaribu programu, mumuulize: kwa nini hukutunga? Kama hana jibu, orodha ibaki kwenu.