Mke Mgeni na Haki ya Kuomba Uraia

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipe nafasi katika kurasa za chama chetu, niseme na makarani wenzangu juu ya jambo ambalo huja mezani petu mara kwa mara, nalo huondoka pasipo kuandikwa mahali popote. Jambo lenyewe ni hili: mwanamke wa nchi nyingine, aliyeolewa na raia wa nchi hii, aja kuuliza njia ya kuomba uraia, naye amekuja peke yake. Jibu alipatalo huwa maneno matatu tu: "Mlete mume wako." Akisema kwamba mumewe hataki kuja, huambiwa arudi nyumbani wakapatane kwanza. Nami nasema kwamba jibu hilo si jibu la sheria, wala si jibu la karani mwema.

Hapa kwetu Kilimanjaro jambo hili si geni. Mpaka wetu na Kenya ulianza kuchorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipopatana huko Ulaya. Mlima ukabaki upande wa Wajerumani, na Taveta ikaenda upande wa Waingereza. Lakini masoko hayakuujua mkataba huo. Watu wa Rombo waliendelea kushuka kwenda Taveta na kuzunguka mlima hata Loitokitok, na wa huko wakaja Tarakea, Holili na Himo, wakiuziana ndizi, mahindi, maharagwe na mifugo. Na penye soko ndipo penye posa. Kwa hiyo tumfikirie mwanamke aliyeuvuka mstari ule akiwa binti, akatolewa mahari, akazaa, akapalilia migomba na kahawa miaka ishirini, na hata leo angali mgeni. Mumewe ni raia. Watoto wake ni raia, kwa kuwa baba yao ni raia. Katika nyumba nzima mgeni ni mmoja, naye ndiye awapikiaye wote.

Sasa na tuitazame sheria yenyewe, maana karani asiyesoma sheria hutawaliwa na mazoea ya ofisi. Sheria ya Uraia, Namba 6 ya mwaka 1995, katika kifungu chake cha 11, yasema kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Jamhuri ya Muungano anayo haki, wakati wowote katika uhai wa mumewe, kupewa uraia wa tajnisi, akipeleka maombi kwa njia iliyowekwa. Nawasihi mwipime kauli hiyo polepole. Mwenye haki ni nani? Ni mke. Apelekaye maombi ni nani? Ni mke. Mume ametajwa kwa mambo mawili: awe raia, na awe hai. Hakutajwa kuwa mtoa ruhusa.

Wala neno hilo halikuandikwa kwa bahati. Zamani, katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1914, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mwingereza aligeuka kuwa Mwingereza siku ile ile, apende asipende. Na Mwingereza mwanamke aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake vivyo hivyo. Mke alichukuliwa kama mzigo ufuatao gari. Jambo hilo liliondolewa na sheria yao ya mwaka 1948, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1949. Kisha mwaka 1957 Umoja wa Mataifa ukatoa Mkataba juu ya Uraia wa Wanawake Walioolewa, na Tanganyika ikaingia katika mkataba huo mwaka 1962, uhuru wake ungali mchanga. Mkataba wataka kwamba mke mgeni afunguliwe njia iliyo nyepesi ya kupata uraia wa mumewe, kwa ombi lake yeye mwenyewe. Maneno hayo, "kwa ombi lake yeye mwenyewe," ndiyo kiini cha barua yangu. Zamani mume alimvika mke uraia bila kumwuliza. Leo tukisema kwamba mume aweza kumnyima kwa kunyamaza tu, tumeurudia ugonjwa ule ule kwa mlango wa nyuma.

Huenda mwenzangu mmoja akauliza: Kwa nini mume akatae? Sababu ni nyingi, na si zote mbaya. Wako waume waogopao gharama na safari za kwenda ofisini. Wako wanaodhani kwamba wakitia sahihi karatasi yoyote watadaiwa baadaye. Lakini wako pia wanaojua vema watendalo. Mke ambaye ukaaji wake nchini waegemea ndoa yake hawezi kusema sana nyumbani. Akipigwa, hunyamaza, akiletewa mke wa pili asiyemridhia, hunyamaza, akiambiwa "nitakurudisha kwenu," hujua kwamba neno hilo lina meno. Mume wa namna hiyo hana haja ya kufuli mlangoni. Karatasi isiyotiwa sahihi yamtosha. Nasi makarani, tusemapo "mlete mume wako," twamkabidhi mume huyo ufunguo ambao Bunge halikumpa.

Yako mambo mawili yaufanyayo uraia huu kuwa mzito kuliko cheti kingine chochote. La kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kupewa ardhi, isipokuwa kwa njia chache zilizotajwa, kama uwekezaji. Kila mtu wa huku juu ajua maana ya kihamba. Ni shamba, ni nyumba, tena ni makaburi ya wazee. Mpaka wake ni masale yaliyopandwa na mababu. Mwanamke aliyelima kihamba nusu ya maisha yake hana budi kujua kama anasimama juu ya udongo au juu ya hisani ya watu.

La pili ni kifo. Sheria imesema "katika uhai wa mumewe." Basi mume akifa kabla mke hajapeleka maombi, haki ile ya kifungu cha 11 hufungwa pamoja na jeneza. Mjane hubakiwa na njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba, tena ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na aonyeshe faida yake kwa nchi. Katika msiba, shemeji wakihesabu migomba, ndipo mama huyu aanzapo kutafuta karatasi za kuonyesha kwamba alikaa nchini kwa halali. Kwa hiyo "rudini mkapatane kwanza" si shauri la hekima. Kila mwaka wa kungoja mapatano ni mwaka wa kuichezea haki yake kamari juu ya afya ya mumewe.

Na asidhaniwe kwamba aomba kitu rahisi. Nchi yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Mama wa Kenya apewaye uraia wetu sharti aukane ule wa kwao, ingawa Kenya yenyewe, tangu katiba yake ya mwaka 2010, yaruhusu uraia wa nchi mbili. Mtu aliye tayari kuliacha jina la nchi aliyozaliwa, hali mumewe hamsaidii, hafanyi mchezo.

Najua hoja za upande wa pili, nazo zastahili jibu. Hoja ya kwanza: ziko ndoa za uongo, zifungwazo ili mgeni apate karatasi. Ni kweli. Lakini dawa ya ndoa ya uongo ni uchunguzi wa ndoa, si sahihi ya mume. Katika ndoa ya uongo mume ndiye wa kwanza kufika ofisini akiwa amevaa vizuri, kwa sababu amekwisha kulipwa. Tukifanya sahihi ya mume kuwa kipimo, tutampitisha mwongo na kumzuia mkweli. Waulizwe majirani, mjumbe wa nyumba kumi, mchungaji, padre au shehe. Watazamwe watoto na miaka. Mume naye akiwa na neno, aliandike, lipimwe pamoja na ushahidi mwingine. Kusikilizwa ni haki yake. Kuamua si kazi yake.

Hoja ya pili: bila mume, vyeti havipatikani. Hapa pana shida ya kweli. Mke hutakiwa kuonyesha kwamba ameolewa na kwamba mumewe ni raia, nazo karatasi hizo huwa sandukuni mwa mume. Lakini fikirini: cheti cha kuzaliwa cha mume kilitoka serikalini, kitambulisho chake cha taifa kilitoka serikalini. Je, serikali yashindwa kujua kama ilimwandika mtu huyo kuwa raia, mpaka yeye mwenyewe aje kuikumbusha? Ndoa nayo imeandikwa katika vitabu vya usharika, vya parokia, vya msikiti au vya mkuu wa wilaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakubali ndoa ya dini, ya serikali na ya mila. Ndoa ya mila isiyoandikishwa ndiyo yenye taabu kubwa, na hapo ndipo barua ya mtendaji wa kijiji na ushahidi wa wazee walioshuhudia mahari huwa na thamani. Kuandika barua hiyo ni kazi yetu.

Hoja ya tatu huja kwa sauti ya chini: "Tusiingilie mambo ya mke na mume." Nami najibu kwamba tumekwisha kuingilia. Karani amrudishaye mke ameamua shauri kwa faida ya mume, wala hakumsikiliza yeyote. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, ilikata neno kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Waheshimiwa majaji hawakuogopa kuingia jikoni ili haki ionekane. Sisi twaogopa kupokea fomu?

Basi, wenzangu, nashauri mambo manne, nayo yote yamo ndani ya uwezo wa karani. Kwanza, ajaye na maombi apokelewe, awe na mume au awe peke yake. Maombi yaandikwe tarehe, naye apewe stakabadhi, maana tarehe hiyo yaweza kuwa ushahidi wake wa pekee siku mumewe akifariki. Pili, kinachopungua kitajwe kwa maandishi, karatasi kwa karatasi, badala ya kumwambia "mambo yako hayajakamilika." Tatu, karani aulize mwenyewe katika ofisi zenye vitabu, kabla ya kumtuma mama wa Rombo kupanda gari hadi Moshi mara tatu. Nne, asiyekubaliwa asikatazwe kwa mdomo tu. Najua kwamba sheria haimlazimu Waziri kutaja sababu ya kukubali au kukataa maombi. Lakini uhuru huo amepewa Waziri. Karani wa mezani hakupewa. Kazi yetu ni kuyafikisha maombi kwa mwenye kuamua.

Tena nashauri kwamba chama chetu kiwaandikie wenye madaraka kwa adabu, kiombe mambo mawili katika sheria. Moja, maneno "katika uhai wa mumewe" yaondolewe, ili mjane aliyekaa katika ndoa ya kweli asipoteze haki yake kwa sababu ya kifo asichokitaka. La pili, haki hiyo apewe na mume mgeni aliyeoa raia, kwa maana leo kifungu hicho chataja mke peke yake, na bibi wa Marangu aliyeolewa na mgeni humwona mumewe akifuata njia ile ndefu ya miaka. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kufanya hivyo: katiba yao ya mwaka 2010 yampa haki hiyo mume au mke wa raia, ndoa ikiwa imetimiza miaka saba, na sheria yao ya mwaka 2011 ikawakumbuka na wafiwa. Miaka saba ni kinga ya kutosha juu ya ndoa za uongo, nayo ni hesabu ambayo karani yeyote aweza kuifanya kwa vidole vyake.

Wazee wa mlima huu walikuwa na jani la sale. Mtu akilileta mbele yako, hukuwa na ruhusa ya kumfukuza kabla hujamsikiliza, hata kama alikuwa adui yako. Mwanamke ajaye mezani na fomu yake hana jani mkononi. Ana karatasi, na nyuma ya karatasi hiyo iko sheria. Asipewe heshima iliyo pungufu ya ile waliyopewa maadui wa babu zetu.

Mimi ni mwenzenu katika kazi,
KARANI WA MOSHI