Kabla hujaondoka chuo, andika barua

Ndugu mwanachuo, kuna wenzetu ambao huwa wanapotea. Mitihani ya muhula wa kwanza inaisha, watu wanakwenda likizo, wakirudi unaona godoro la mmoja limekunjwa. Ukimuuliza aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja anakujibu, "Yuko kwao, anahangaikia ada." Wiki mbili, mwezi, kimya. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa namba yake bado ipo, ila hajibu. Mwaka unaofuata hakuna hata anayemuulizia.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nina miaka 22, nasoma ualimu, niko mwaka wa tatu wakati wale nilioanza nao 2022 wameshamaliza. Nilitoka, nikapata kazi, kazi ikaisha, nikarudi. Naandika kwa sababu kilichoniwezesha kurudi ni karatasi moja, na naona wengi wetu hatuijui.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipoomba mkopo wa Bodi mara ya kwanza nilichelewa kupeleka cheti cha kifo cha marehemu baba kikahakikiwe RITA. Dirisha likafungwa, nikabaki naangalia wenzangu wakipokea bumu. Ada ya muhula wa kwanza aliilipa mama kwa alizeti. Mwaka ule wa 2022 alizeti ililipa, na sisi kwetu Ikungi alizeti ndiyo benki yetu. Muhula wa pili benki ilikuwa tupu.

Machi 2023 nikafunga begi. Dada mmoja wa mwaka wa tatu tuliyekuwa tukikaa naye hosteli akanikuta mlangoni. Akaniambia, "Mdogo wangu, usiondoke kimyakimya. Nenda kaandike barua ya kuahirisha masomo, upewe nakala yenye muhuri." Kusema kweli niliona ananichelewesha basi. Lakini nikaenda. Ukurasa mmoja tu: jina, namba ya usajili, sababu, na tarehe ninayotarajia kurudi. Siku nne baadaye nikapata jibu kwamba nimeruhusiwa kuahirisha kwa mwaka mmoja.

Singida mjini nikapata kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, karani wa mizani. Mkulima analeta magunia, tunapima, naandika kilo, analipwa. Ndani mashine zinakoroma, mafuta yanaingia kwenye madumu, mashudu wanachukua wafugaji. Mshahara ulikuwa laki moja na elfu themanini kwa mwezi. Mkataba wa maandishi hapakuwa, na mimi sikuuliza. Ukiwa na miaka 19 na umepata kazi, unauliza nini tena?

Wanaotoka mikoa ya alizeti wanaukumbuka msimu wa 2023. Mafuta ya kula kutoka nje yalijaa sokoni, bei ya alizeti ikaanguka, wakulima wakalalamika. Pale mizanini kwetu gunia lilifika karibu nusu ya bei ya mwaka uliotangulia. Wazee walikuwa wanasikia bei, wanatikisa kichwa, wanageuza mkokoteni na magunia yao wakayaweke ndani. Basi, kiwanda kikikosa mbegu, karani wa mizani anapima nini? Jumamosi moja ya Septemba tukapata ujumbe wa simu: kuanzia Jumatatu msije mpaka mtakapoitwa. Mpaka leo hatujaitwa.

Baadaye sana, nikiwa hapa chuoni, rafiki yangu wa sheria alinifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, anastahili notisi isiyopungua siku 28. Mimi nilipewa siku mbili, na mojawapo ni Jumapili. Kumbe nilikuwa na cha kudai na sikujua hata pa kuanzia.

Sasa sikilizeni sehemu hii. Pale kiwandani palikuwa na kaka mmoja, fundi wa mashine, naye alikuwa ameacha chuo kwa ajili ya ada. Alikuwa anasoma stashahada kwenye chuo kingine. Tulipoteza kazi siku moja, tukakaa nje ya geti tukinywa chai ya kukopa, tukakubaliana kila mtu arudi kwenye masomo yake. Mimi nikapiga simu ofisi ya udahili. Wakaniuliza, "Una barua?" Nikasema ninayo. Wakasema njoo Machi, na nusu ya ada. Yeye akapiga kwao. Hakuwa na barua. Kwenye kumbukumbu zao alikuwa mtoro, jina lilishaondolewa, aanze upya maombi kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo. Mihula mitatu aliyosoma ikapotea hivyo. Alikuwa na akili kuliko mimi, nasema bila utani, mashine ikigoma alikuwa anaisikiliza tu anajua inaumwa wapi. Leo anaendesha bodaboda pale mjini. Bodaboda ni kazi halali na inalisha watu. Ila yeye alitaka kuwa fundi mwenye cheti, na nikikutana naye huwa ananiuliza habari za chuo mpaka naona aibu kujibu.

Nyumbani haikuwa rahisi pia. Kijijini habari ilishafika kabla yangu: mtoto wa fulani chuo kimemshinda, na kazi wamemfukuza. Mama hakubishana na mtu. Jioni moja tukiwa jikoni akaniuliza, "Mwanangu, ile barua bado unayo?" Nikamwonyesha. Wiki iliyofuata kuku wakaanza kupungua bandani, wakienda barabarani kwa wasafiri wanaopita na mabasi. Baadaye mbuzi wawili. Ndiyo nusu ya ada hiyo. Nilipofika mwaka wa pili nikaomba mkopo tena, safari hii vyeti vimehakikiwa mapema, nikapata sehemu.

Na kurudi kwenyewe kuna maumivu yake. Darasa jipya, wenzako wa zamani wako mwaka wa mbele, wengine wanakuita bibi. Mtu anacheka tu, hana ubaya, ila wewe unaingia mlango wa nyuma na kukaa kiti cha mwisho. Kichwa kilishazoea kilo na magunia. Muhula ule nilipata sapu mbili. Nilikuja kutulia kwenye mafunzo ya vitendo, shule moja ya sekondari huko huko Ikungi. Nilikuwa nafundisha faida na hasara kidato cha kwanza, mfano wa kitabuni haueleweki. Nikafuta ubao nikaandika bei ya gunia ya 2022 na ya 2023. Darasa zima likaamka. Mtoto mmoja akakokotoa hasara ya nyumbani kwao bila kuambiwa.

Najua wapo watakaosema: unarudi kusomea ualimu, wakati walimu wamejaa mtaani? Hoja hii siikwepi. Mwanzoni mwa 2025 tuliona wahitimu wa ualimu wakipanga foleni za usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na wengine waliokaa miaka bila kazi wakaungana kupaza sauti. Siwezi kumwahidi mtu kwamba shahada itamwajiri. Hata mimi sijui. Inawezekana mtu akapoteza kazi, akapima, akaona chuo hakimfai, akafungua genge lake na akafanikiwa. Sawa kabisa. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo aufanye yeye mwenyewe, akiwa bado na nafasi yake. Yule kaka hakuamua kuacha chuo. Alidhani ametoka kidogo tu, kumbe nyuma yake jina limefutwa.

Kwa hiyo nina maombi manne, na yote hayahitaji bajeti.

Kwa uongozi wa serikali yetu ya wanafunzi: kwenye wiki ya kupokea mwaka wa kwanza tunaambiwa habari za vitambulisho, maktaba na vilabu. Tengeni nusu saa mueleze namna ya kuahirisha masomo, ofisi gani, kwa muda gani, na nini kinatokea ukiondoka bila kuaga. Na wekeni mfano wa barua ofisini kwenu, mtu aje anakili.

Kwa viongozi wa madarasa, ma-CR wetu: mtu akikosekana wiki mbili, mpigie. Usimtumie ujumbe kwenye grupu, mpigie simu. Mwenye shida ya ada haandiki kwenye grupu.

Kwa waliopoteza kazi na wanasita: hamjachelewa kama mnavyodhani. Ulizeni chuo kwanza kabla hamjajihukumu. Kwa mkopo, someni mwongozo wa Bodi wa mwaka husika. Wanachokataa ni mwombaji mwenye ajira, na kuna ukomo wa umri wa miaka 35. Kuwahi kufanya kazi na kuipoteza si kosa. Vyeti vihakikini mapema, msifanye nilivyofanya mimi.

Kwetu sisi sote: huyo bibi au mzee wa kiti cha nyuma, msogezee notsi. Amelipa nauli ya kurudi hapa kwa vitu ambavyo hatakusimulia.

Na wewe unayesoma hapa huku begi liko nusu limefungwa, nakuelewa. Nenda kafanye kazi kama huna budi. Ila pita kwanza ofisini, andika huo ukurasa mmoja, usiondoke bila nakala yenye muhuri. Basi la kesho pia lipo.