Kutafuta Si Kuchimba

Ndugu msomaji, nitaanza na kibla. Usiku wa kwanza nilipolala Migori nilimwuliza kijana wa nyumba ya wageni kibla kiko upande gani, akanitazama kama nimemwuliza njia ya kwenda mwezini. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenivuta safari ile, akatoa simu yake, akaigeuza mara mbili tatu, akasema: "Mjomba, elekea kaskazini, kisha uegemee mashariki kidogo, kama nyuzi 13." Mimi nimezaliwa Pwani. Ukiwa Mombasa, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, na miaka yangu hamsini na ushei sikuwahi kufikiri kuwa kibla kinaweza kuegemea. Nikatandika msala, nikaswali, na baada ya kutoa salamu nikamwambia: "Haya, niambie sasa huo mchezo wako wa vikopo."

Mchezo wenyewe Wazungu wanauita jiokashingi. Mtu hufungia vitu vidogo vidogo pamoja na kidaftari katika kopo lisiloingia maji, akalificha mahali, akapima mahali pale kwa chombo kinachosoma setilaiti, kisha akatangaza namba za latitudo na longitudo pamoja na maelezo mafupi. Mwingine, asiyemjua wala hatamwona maisha yake, huzifuata namba zile mpaka zimfikishe. Akilipata kopo huandika jina lake na tarehe katika kidaftari. Akitaka kuchukua kitu, huacha kingine cha thamani ile ile au zaidi. Kisha hulirudisha kopo pale pale, kama alivyolikuta.

Asili yake si ya zamani. Setilaiti za GPS ni mali ya serikali ya Marekani, na kwa miaka mingi walitia makosa ya makusudi katika alama walizowapa raia, hata chombo kikaweza kukupotosha kiasi cha mita 100. Tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, makosa yale yaliondolewa. Kesho yake, tarehe 3 Mei, bwana mmoja jina lake Dave Ulmer akaficha ndoo huko Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akawatangazia wenziwe namba zake. Leo makopo ya namna hiyo yamezidi milioni tatu duniani. Waingereza nao watakwambia kuwa wao walitangulia, kwa kuwa mwaka 1854 mwongozaji wa wageni aitwaye James Perrott aliacha chupa kwenye nyika ya Dartmoor ili kila afikaye aache kadi yake ndani.

Nasi Waswahili hatuna haja ya kushangaa mno. Nani kati yetu hakucheza kibe utotoni, mwenzio ajifiche nawe umtafute vichochoroni mpaka adhana ya magharibi? Na manahodha wa majahazi walijua latitudo kabla ya setilaiti. Walikuwa na kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Nahodha alibana uzi kwa meno, akaipima nyota ya kaskazini ilivyo juu ya upeo wa bahari, akajua amefika usawa wa bandari gani. Kilichogeuka ni chombo. Nyota ya leo imeundwa na mtu, inaruka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, na simu huhitaji kuziona nne kwa pamoja ili ikwambie uliposimama. Mbingu ikiwa wazi itakosea kama mita tano tu. Mita tano hizo ndizo mchezo wenyewe, maana hapo simu huna faida nayo tena. Inabaki akili yako na macho yako.

Basi kwa nini twende Migori na Homa Bay, na kwetu kuna Gedi na Takwa? Jawabu langu ni kuwa mchezo huu ukichezwa mahali ulipozoea hukufundisha kidogo, na ukichezwa mahali ulipo mgeni hukufundisha adabu. Tena nchi ile ina mambo ambayo Mpwani aghalabu hayajui. Twaijua Nyanza kwa samaki na kwa siasa, basi.

Lakini ndipo pia nilipoiona hatari ya mchezo huu, nami nataka kuisema wazi kabla vijana wetu hawajaupokea.

Hatari ya kwanza ni dhahabu. Migori ni nchi ya dhahabu. Kule Macalder palikuwa na mgodi mkubwa uliofungwa katika miaka ya 1960, na mpaka leo wachimbaji wadogo wanateremka mashimoni kwa kamba na tochi, na mashimo mengine yameachwa wazi majanini. Mtu mgeni apitaye mashambani akiangalia simu, akisimama, akirudi nyuma hatua tatu, akiinama kutazama chini ya jiwe, watu watamdhania nini? Siku ya pili tulisimamishwa na mzee mmoja aliyetaka kujua kampuni yetu ni ipi. Mpwa wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa mzee yule alikuwa na haki. Tulikuwa katika ardhi yake, tukitafuta kitu ambacho hatukumweleza. Nilimwamkia, nikamwonesha simu, nikamweleza mchezo tangu alifu hadi yee. Mwisho akatutembeza yeye mwenyewe, akituonesha pale pa kukanyaga na pale palipo na shimo. Simu haikuyajua mashimo yale, yeye aliyajua.

Hatari ya pili ni mawe. Kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori pana Thimlich Ohinga, boma la mawe lililojengwa takriban karne ya 16. UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake zafika mita nne na nusu mahali pengine, na unene wa kama mita moja, wala hakuna chokaa wala udongo wa kushikia. Sisi tuliozoea chokaa na matumbawe husimama pale tukaduwaa. Jiwe limeshikwa na jiwe jenziwe tu. Milango ni mifupi, yakulazimu kuinama uingiapo, ili mwenye nyumba akuone kabla hujamwona. Na ndani, juu ya mwamba, pamechimbwa vishimo vya ajua, ndiyo bao letu hili tunalolichezea barazani. Nilivitia vidole vishimo vile nikajiona niko Lamu.

Sasa fikiri, msomaji. Ukuta usio na chokaa una nyufa elfu, na kila ufa ni maficho mazuri ya kikopo. Akija mtu mmoja akachomoa jiwe moja atie kopo lake, akaja wa pili asiyejua ni jiwe gani akachomoa matatu, akaja wa kumi, ukuta uliosimama tangu karne ya 16 utaporomoka kwa ajili ya kidaftari na kifungo cha kanzu. Wenye mchezo wenyewe wamekataza kufukia kopo ardhini na kuharibu mahali. Lakini katazo ni karatasi, na mtafutaji mwenye pupa hasomi karatasi.

Sisi watu wa Pwani ndio mashahidi wa jambo hili. Makaburi ya nguzo ya mababu zetu yalipambwa kwa bakuli za Kichina, na katika mengi bakuli zile zimeng'olewa, pamebaki mashimo ya duara kama macho yaliyotobolewa. Nilipokuwa mtoto tuliambiwa kuwa katika magofu muna mali iliyozikwa na majini wanailinda. Wako waliosikia neno "mali" wakasahau neno "majini", wakaenda na sululu usiku. Hawakupata mali. Tuliporudi tukaukuta mihrabu umebomolewa. Kila nikisikia mtu anafundishwa "kutafuta kilichofichwa", sululu ile hunirudia masikioni.

Na huko Homa Bay jambo ni kubwa kuliko kuta. Katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwa kwa zana hizo. Kisiwani Rusinga, Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la kiumbe aitwaye Proconsul, wa miaka milioni 18 hivi. Katika nchi kama hiyo jiwe unalolipiga teke huenda likawa kisu cha kiumbe aliyeishi kabla yetu sote. Mtaalamu hulisoma jiwe kwa kujua lilikolala. Ukilihamisha, hata ukalirudisha kesho, umeufuta ukurasa.

Je, basi tuuache mchezo? La hasha. Nasema tuupokee kwa masharti.

Katika mchezo huu iko namna isiyo na kopo kabisa. Ilianzishwa mwaka 2004, na ndani yake namba hukufikisha mahali ambapo ardhi yenyewe ndiyo hazina. Badala ya kopo unakuta maswali: maji haya yana rangi gani, mwamba huu umekatikaje, kwa nini. Ukijibu sawa, umepata. Namna hii ndiyo inayoifaa nchi ile, na mahali pake bora ni Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Ni ziwa dogo la mviringo, maji yake ya magadi, mara nyingi lina heroe, wala huoni mto uingiao wala utokao. Wataalamu wanasema ni shimo lililofanywa na mlipuko wa volkeno. Lakini dani mmoja, ndivyo Wajaluo wamwitavyo bibi, alitueleza mengine kando ya maji yale. Zamani hapa palikuwa kijiji. Usiku mmoja wa ngoma akaja bikizee mgeni, mchafu, mwenye njaa, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea na kumlisha. Bikizee akamwambia ahame usiku ule ule na watu wake. Alipokwisha kuondoka, maji yakaja, kijiji kikazama na ngoma yao.

Hadithi hii simu haikuwa nayo. Namba zilitufikisha ziwani, lakini dani ndiye aliyetufikisha kwenye maana yake, naye alitueleza kwa kuwa tulianza kwa kubisha hodi.

Sasa neno kwa anayetaka kuanza. Hahitaji mali, simu yenye GPS, maji ya kunywa na viatu imara vinatosha. Ajiandikishe katika orodha ya mchezo, asome maelezo yote kabla ya kutoka, aanze na kopo kubwa na jepesi, asianze na lile dogo kama kidole. Afikapo aiweke simu mfukoni, atazame kitu kisicho mahali pake. Asiende peke yake penye mashimo, na kwanza kabisa amwamkie mwenye ardhi.

Akitaka kuficha lake, aombe ruhusa kwa mwenye mahali, aliweke si chini ya mita 161 kutoka kopo jingine, asiweke chakula ndani wala kitu cha hatari, na aliweke pale anapoweza kulitembelea na kulitengeneza. Sharti hili la mwisho nalipenda kuliko yote, maana lamzuia mtu wa Mombasa kwenda kutupa kopo Migori na kurudi zake. Wafichaji wa Migori na Homa Bay na wawe vijana wa Migori na Homa Bay, wanaojua kaburi liko wapi na shimo liko wapi. Sisi twende kama wageni.

Najua wako watakaoniuliza: je, si kamari? Si kamari, kwa kuwa hakuna dau wala aliyeliwa. Je, si kuokota cha mtu? Madrasa tulifundishwa kuwa kilichopotea, akiokotaye hutangaza mwaka mzima. Hiki hakikupotea, mwenyewe amekiweka na ametoa idhini kwa masharti, na masharti yale ni amana. Je, si kupoteza wakati? Huenda. Lakini nimeona vijana wetu wakipoteza wakati kwa simu hiyo hiyo pasi na kuinuka kitandani.

Siku ya mwisho mpwa wangu alificha kopo katika boma la wenyeji wetu, kwa idhini ya mama mwenye boma, ili watoto wa pale walitafute. Walilipata kwa dakika kumi. Wakaandika majina yao, wakatoa goroli, wakatia mbegu tatu, wakalirudisha. Hakuna jani lililovunjika. Hapo ndipo nilipoandika beti hii ndogo, nami naiacha kwako, msomaji, uilinganishe na yako:

Mficha mwenye hekima, huacha na njia wazi,
Atafutaye kwa wema, hageuki kuwa mwizi,
Jiwe ulilolisoma, liwache liwe azizi,
Kificho hiki amana, si dhahabu wala lulu.