Grafu Moja, Faili Nzima

Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kufikiri: kuchukua grafu kutoka Excel na kuibandika kwenye slaidi za PowerPoint. Unanakili kule, unabandika hapa, kazi imekwisha. Mimi ni mwandishi wa programu na kwa hili nina neno na wanataaluma wenzangu. Msimamo wangu ni huu: grafu ikifika kwenye slaidi inafaa ibebe nambari zake tu, si faili nzima ilikotoka. Na hadi programu zibadilike, ni heri ubandike picha.

Tuchukue mfano. Kuna mweka hazina wa sacco ndogo, tuseme ya wanabodaboda wa Nakuru. Mkutano mkuu wa mwaka umefika na anataka kuwaonyesha wanachama grafu ya nguzo nne, yaani mikopo iliyotolewa kila robo ya mwaka. Faili yake ya Excel ina karatasi tatu. Ya kwanza ni muhtasari wenye zile nambari nne. Ya pili ni orodha ya wanachama: majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu. Ya tatu inaonyesha nani anadaiwa kiasi gani na amechelewa kulipa kwa miezi mingapi. Anachora grafu, anaibandika, na baada ya mkutano anatuma slaidi kwenye kikundi cha WhatsApp ili waliokosa kufika wajionee.

Wanachama wataona nguzo nne. Lakini kama grafu ilibandikwa kwa kupachika faili yake, yeyote mwenye tarakilishi anaweza kuibofya, akachagua kuhariri data, na Excel itamfungulia kila kitu. Karatasi zote tatu. Kabla jua halijatua atakuwa anajua madeni ya jirani yake hadi senti ya mwisho.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu mwenyewe. Faili ya PowerPoint yenye mwisho wa .pptx, muundo uliokuja na Office 2007, kwa kweli ni furushi la zip. Tengeneza nakala ya slaidi zako, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, kisha ulifungue furushi. Ndani kuna folda iitwayo ppt. Ndani ya hiyo angalia mbili: charts, yenye maelezo ya grafu pamoja na nambari zilizochorwa, na embeddings, ambamo faili za Excel zilizopachikwa zimelala zikiwa kamili. Ukikuta faili humo, ifungue uone unawatumia watu nini.

Sasa hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nambari za kuchorea zile nguzo tayari zimo kwenye folda ya charts. PowerPoint haihitaji faili ya Excel ili kuonyesha grafu. Faili ile imepachikwa ili ukitaka kubadilisha nambari baadaye, uweze. Ni sababu nzuri. Lakini kubadilisha nambari nne kunahitaji jedwali la nambari nne, si daftari la wadaiwa.

Na watu huingiaje katika mtego huu? Ukibandika grafu ya Excel kwa njia ya kawaida, PowerPoint haipachiki faili, huweka kiungo tu, na faili inabaki kwenye tarakilishi yako. Hilo ni salama zaidi. Shida ni kwamba ukimtumia mwenzako slaidi, kiungo hakina pa kwenda. Grafu inaonekana lakini haihaririki, naye anapiga simu kulalamika. Ndipo unapogundua vile vialama vidogo vinavyojitokeza pembeni baada ya kubandika, unachagua cha kupachika, na malalamiko yanaisha. Mambo sasa yanafanya kazi! Hakuna popote programu iliposimama ikakuuliza: je, unajua kwamba faili hii ina karatasi nyingine mbili? Ndiyo maana simlaumu mweka hazina. Namlaumu aliyebuni kialama.

Wengine watasema, "Mimi huficha karatasi zangu za siri." Kuficha karatasi kwenye Excel si kufunga mlango, ni kuvuta pazia. Ulizeni polisi wa Ireland Kaskazini. Mnamo Agosti 2023 walijibu ombi la raia aliyetaka takwimu kwa kumpa lahajedwali, na ndani yake kulikuwa na karatasi iliyofichwa. Ilikuwa na majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina, vyeo na kazi za watumishi wote 9,483 wa kikosi hicho, na ikawekwa kwenye tovuti ya umma. Katika nchi ambako polisi wamewahi kuwindwa hadi nyumbani kwao, hilo si jambo la mzaha. Oktoba 2024 kikosi kilitozwa faini ya pauni 750,000. Hiyo haikuwa slaidi, lakini ugonjwa ni ule ule: kilichoonekana kwa macho si chote kilichotumwa.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 41 kinataka ulinzi wa data ujengwe ndani ya mifumo tangu mwanzo, usiachiwe kumbukumbu ya mtumiaji. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni tano. Sacco ya bodaboda itazitoa wapi?

Kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi, tazama Google Slides. Ukiingiza grafu kutoka Google Sheets, anayeziona slaidi anaiona grafu, lakini lahajedwali lenyewe haliingii kwenye slaidi. Anayetaka kulifungua ni lazima awe amepewa ruhusa. Nambari zikibadilika, mwenye ruhusa anabonyeza kitufe cha kusasisha.

Kwa wanaotumia PowerPoint, fanyeni hivi. Kama slaidi zitatoka mikononi mwenu, bandikeni grafu kama picha. Kama ni lazima iharirike, choreni grafu mkiwa ndani ya PowerPoint yenyewe na mchape nambari zinazohitajika peke yake. Au fungueni faili mpya ya Excel, mbandike humo nambari za muhtasari bila fomula, mchore grafu hapo, kisha mpachike hiyo. Kama watu wanahitaji kusoma tu, watumieni PDF.

Najua pingamizi. Picha haibadiliki, na bosi hupenda kubadilisha nambari saa mbili usiku. Ni kweli, itabidi urudi kwenye Excel, urekebishe, ubandike tena. Dakika mbili. Zipime dakika hizo mbili dhidi ya siku utakayowaeleza wanachama mia mbili kwa nini madeni yao yanasomwa kwenye steji ya bodaboda.

Na kwa wenzangu tunaoandika programu: mtu akibandika nguzo nne, mpe nguzo nne. Akitaka faili nzima, mwache aombe mwenyewe.