Fundi Alitudanganya, Nasi Je?



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tafakari yetu inaanzia mahali pasipo pa kawaida, yaani mezani pa fundi wa kompyuta. Wengi wenu mmesikia nusunusu yaliyoipata ofisi ya parokia. Tumeona heri tuyaeleze wenyewe, si kwa nia ya kumwaibisha mtu, bali kwa sababu katika mkasa huo tumeziona sura zetu.

Kompyuta ya ofisi iligoma kuwaka. Tukaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini Mpanda, ambaye hatutamtaja jina wala mtaa. Akatuambia kwamba diski imekufa, ni lazima inunuliwe mpya. Tukalipa. Baada ya siku 4 kompyuta ikarudi, imepigwa windo upya, kama wasemavyo mafundi, na programu zote za kuandikia na za mahesabu zimo ndani. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea na kazi. Lakini mashine ilikuwa nzito kupita ilivyokuwa kabla haijaharibika. Majuma machache baadaye mafaili ya hesabu za zaka yakakataa kufunguka, na kwenye kioo yakatokea maandishi ya kigeni yakidai fedha.

Kijana mmoja wa kwaya, aliyesomea mambo hayo, aliifungua mbele yetu. Memori iliyokuwamo ilikuwa nusu ya ile tuliyonunua nayo. Diski "mpya" ilikuwa imekwisha kutumika miaka mingi. Tena kizuia virusi kilikuwa kimezimwa kwa makusudi. Tunashukuru kwamba vitabu vya ubatizo na vya ndoa bado tunaviandika kwa wino.

Tulikwenda kwa fundi tukiwa na hasira. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Baba Padre, habari ya memori na diski nimekosa. Lakini programu mliitaka wenyewe. Nilipowatajia bei ya ile yenye leseni mlisema ni ghali, mkaniambia niweke ile ya kawaida. Na risiti hamkuomba."

Tulinyamaza. Maneno yale yalikuwa ya kweli.

Ndugu wapendwa, tusichanganye mambo. Kunyofoa memori katika kompyuta ya mteja na kumwuzia kitu kikuukuu kwa jina la kipya ni wizi na udanganyifu, wala jibu la fundi halimwondolei hatia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya mwuzaji anayempotosha. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inaweka udanganyifu wa biashara, ankara za kughushi na hata kazi iliyofanywa vibaya chini ya Amri ya Saba. Fundi wa namna hiyo hana budi kurudisha alichotwaa.

Lakini je, ile "programu ya kawaida" ni kitu gani? Ni programu ambayo kufuli lake limevunjwa. Mara nyingi fundi huingiza programu nyingine ndogo inayojifanya kuwa mtambo wa kampuni yenye mali, ikaihadaa kompyuta iamini kwamba leseni imelipiwa. Ili ikubaliwe, kizuia virusi huzimwa kwanza, na mara nyingi masasisho ya usalama huzimwa pia, wizi usije ukagundulika. Ni sawa na mtu anayemfukuza mlinzi wake ili mwivi aliyemwita mwenyewe apite. Je, atashangaa akiingia na mwivi wa pili ambaye hakumwita?

Dunia ilikwisha kuliona jambo hilo. Mwezi Mei mwaka 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikadai fidia. Hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya ufa ule ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuipata.

Wapo watakaosema: "Kampuni hizo ni tajiri, nasi ni maskini, kuna ubaya gani?" Sisi wenyewe tulisema hivyo moyoni. Basi tutazame nyumbani. Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe au wa mahindi ya vijiji vyetu analia anapolazimishwa kujaza lumbesa, gunia lenye kichwa juu ya kipimo halali, naye akalipwa bei ya gunia moja. Sote twasema huo ni unyonyaji, na Wakala wa Vipimo huupiga marufuku. Kwa nini? Kwa sababu jasho la mtu limechukuliwa bila malipo. Aliyeandika programu naye ametoka jasho, ingawa hatulioni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, pamoja na vitabu na nyimbo. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuchezea mizani. Hakuuliza kwanza kama aliyepunjwa ni tajiri.

Zaidi ya hayo, umaskini hautulazimishi kuiba, kwa kuwa zipo programu ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa hiari yao. LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, inaandika barua na kupanga hesabu bila senti ya leseni. Mama yake, OpenOffice, ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden. Kumbe riziki halali ilikuwa karibu, nasi hatukuuliza.

Tangu mkoa wetu wa Katavi uanzishwe mwaka 2012, ofisi zimeongezeka, na maduka ya steshenari pamoja nazo. Vijana wengi wanaishi kwa kazi hii ya ufundi, na wengi wao ni waaminifu. Mwaminifu huyo huumia tunapomkimbia kwa sababu bei yake ni ya haki, tukaenda kwa yule anayepunguza bei na kuifidia kwa memori zetu. Sisi wateja ndio tunaomfundisha fundi kwamba uaminifu haulipi.

Basi tumepatana mambo machache ofisini, nanyi mwaweza kuyafuata nyumbani. Kabla ya kumwachia fundi mashine, tuandike ukubwa wa memori na wa diski pamoja na namba zake, naye atie sahihi. Mafaili ya siri tuyanakili kwenye diski ya nje na kuyaondoa, maana picha za familia na hesabu za watu si mali ya kila apitaye. Vifaa vilivyobadilishwa tuvidai virudishwe. Tuombe risiti halali ya mashine ya EFD. Na programu tuseme wazi: yenye leseni, au ya bure kihalali.

Fundi amekwisha kuirudisha memori, na fedha ya diski analipa kidogokidogo. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Sisi hatukudai hivyo. Kwa upande wetu tumezifuta zile programu za wizi. Hesabu za miezi 3 zilizopotea, kamati ya fedha inaziandika upya jioni kwa jioni kutoka katika vitabu vya stakabadhi. Ni kazi ndefu, na hatuna wa kumlaumu peke yake. Atakayekuwa na nafasi na mwandiko wa kusomeka, aje Jumatano baada ya Misa ya jioni atusaidie.

Tukumbukane katika sala. Jumapili njema.