Waheshimiwa, Rais hana kalamu ya Katiba

Huku kwetu Matayos, matangani chakula kinaweza kuchelewa lakini siasa haichelewi. Juzi mheshimiwa mmoja alishika maikrofoni akatuambia ati tukikaa vizuri na Rais, atabadilisha Katiba na sisi tupate cheo kikubwa kule Nairobi. Watu wakapiga makofi. Vijana wa boda waliokuwa nyuma yangu wakaulizana kama hicho cheo kitashusha bei ya petroli.

Mimi nilikuwa na swali lingine: Rais atabadilisha Katiba kwa nguvu gani?

Sijasomea sheria. Hata chuo chenyewe niliacha karo iliponishinda. Lakini Katiba ya 2010 iko kwa Kiswahili pia, na Sura ya 16 ni fupi, unaweza kuimaliza ukingoja matatu ya Kisumu ijae.

Njia ni mbili tu. Ya kwanza, Kifungu 256, ni ya Bunge: mswada lazima uungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wabunge wote, na vivyo hivyo katika Seneti. Ya pili, Kifungu 257, ni ya wananchi: sahihi za wapigakura wasiopungua milioni moja, IEBC izikague, mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 yakubali, ndipo mswada uende Bungeni. Na ukigusa mambo mazito kama muhula wa Rais, haki za msingi au uhuru wa mahakama, lazima tupige kura ya maamuzi.

Sasa Rais yuko wapi hapo? Mwishoni. Mswada ukishapita, anatia sahihi. Kura ya maamuzi ikihitajika, anaiomba IEBC iiandae ndani ya siku 90. Basi. Ni kama afisa wa kugonga muhuri hapa mpakani Busia: anakagua pasipoti yako, lakini safari si yake.

Haya tuliyaona kwa BBI. Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walisalimiana Machi 9, 2018, na ile salamu ikazaa mswada wa kurudisha Waziri Mkuu na kuongeza maeneobunge 70. Sahihi zikakusanywa. Nikiri tu, mimi pia niliandika jina na nambari ya kitambulisho bila kusoma ukurasa hata mmoja. Kaunti zaidi ya 40 zikasema ndiyo.

Mahakama Kuu ikaukataa Mei 2021. Mahakama ya Rufaa nayo ikakataa Agosti mwaka huo. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikamaliza maneno: Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa kutumia njia ya wananchi.

Kuna wanaosema Rais pia ni raia, kwa nini azuiwe? Ni kweli ni raia, lakini mama anayeuza omena sokoni hana wabunge wala mawaziri wa kumbebea hoja. Hiyo njia iliwekwa kwa ajili yake. Rais akitaka kupendekeza kitu, Bunge lipo. Desemba 2022 William Ruto aliwaandikia maspika akipendekeza, kati ya mengine, ofisi ya kiongozi wa upinzani. Sawa kabisa. Lakini barua si mswada, na ile thuluthi mbili bado inatakiwa.

Sasa vuka barabara uingie Uganda. Mwaka 2005 ukomo wa mihula ya rais ulifutwa. Desemba 2017 kikomo cha umri wa miaka 75 kikaondolewa, na aliyeleta huo mswada ni mbunge, Raphael Magyezi. Katika mswada huohuo wabunge walijiongezea muhula hadi miaka saba, mpaka Mahakama ya Kikatiba ilipokaa Mbale mwaka 2018 na kuwapokonya. Na sisi tusicheke jirani: 2024 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa kuongeza mihula kutoka miaka mitano hadi saba. Wakenya wakaupinga kwa sauti kubwa, ukafa.

Umeona mchezo ulivyo? Kila mara, mkono unaosukuma mswada ni wa mbunge. Kwa hivyo mheshimiwa akikuambia ati Rais ndiye atabadilisha Katiba, pengine hajasoma, ama amesoma na anajificha. Mambo yakiharibika aseme ni Rais, na kura aliipiga yeye.

Sisi tumezoea kupiga makofi kwanza halafu kuuliza baadaye. Tugeuze. Siku nyingine akishika maikrofoni, muulize: wewe mwenyewe utapiga kura gani, na mswada wenyewe uko wapi tuusome? Na ukiletewa karatasi ya sahihi pale stejini, soma kwanza. Mimi yangu niliitoa bure, na siwezi kuirudisha.