Uvimbe wa Tezi ya Mate Usisubiriwe Mpaka Uume

Uvimbe mgumu mbele au chini ya sikio, unaokua polepole bila maumivu, hauogopeshi watu wengi. Mwenye nao hula, hulala na hufanya kazi zake kama kawaida. Mhudumu wa zahanati hudhani ni matubwitubwi, naye jirani hushauri uachwe maadamu hausumbui. Ushauri huo ndio unaostahili kupingwa. Mara nyingi uvimbe wa namna hiyo ni adenoma pleomofiki, aina inayotokea zaidi kuliko nyingine zote katika tezi za mate. Adenoma hii si saratani, lakini ikiachwa kwa muda mrefu yaweza kugeuka kuwa saratani.

Hatari ya kugeuka huongezeka kadiri miaka inavyopita. Makadirio yanayonukuliwa sana ni takriban asilimia 1.5 katika miaka 5 ya mwanzo, na karibu asilimia 10 uvimbe unapozidi miaka 15. Kwa hiyo wagonjwa wengi hawatapata saratani. Hata hivyo, hakuna awezaye kumtambua mapema yule atakayeipata, na saratani hiyo ikishapenya nje ya ganda la uvimbe huwa kali, hurudi na husambaa.

Ni nini hutokea ndani ya uvimbe katika miaka hiyo ya ukimya? Adenoma huanza na hitilafu za jeni, hasa PLAG1 na HMGA2. Baadaye hitilafu nyingine huweza kujilimbikiza, zikiwamo za TP53, jeni inayozuia seli mbovu kuendelea kugawanyika, na za HER2, inayochochea ukuaji. Sambamba na hayo hubadilika umetaboli, yaani namna seli inavyopata nguvu na malighafi ya kujijengea.

Seli ya kawaida huichoma glukosi kikamilifu kwa msaada wa oksijeni, ikavuna nguvu nyingi kutoka katika sukari kidogo. Seli nyingi za saratani hufanya kinyume: huvunja glukosi nyingi kwa njia ya mkato na kuacha asidi ya laktiki, hata pale ambapo oksijeni ipo. Mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliieleza tabia hii katika miaka ya 1920. Njia hiyo hutoa nguvu kidogo kwa kila chembe ya glukosi, lakini humpatia mjenzi mwenye haraka matofali ya kuundia seli mpya. Uchunguzi wa vipande vya uvimbe wa tezi za mate umeonyesha dalili za mwelekeo huo katika sehemu zilizogeuka kuwa saratani: milango ya kupitishia glukosi huongezeka kwenye kuta za seli, protini zinazoitikia upungufu wa oksijeni huamka, na kimeng'enya cha kutengenezea mafuta huzalishwa kwa wingi. Kwa maneno mengine, seli iliyokuwa mpangaji mtulivu imejifunza kujilisha kwa ajili ya kuvamia.

Maarifa haya yasitafsiriwe vibaya. Wapo wanaosikia kwamba saratani hupenda sukari, wakaamua kujinyima wanga na kufunga kwa matumaini kwamba uvimbe utakufa njaa. Mwili hulinda kiwango cha glukosi katika damu hata mtu asipokula sukari kabisa. Anayedhoofika ni mgonjwa, si uvimbe. Wengine hudhani kwamba skani ya PET, inayofuatilia sukari yenye mionzi mwilini, itatenganisha uvimbe salama na saratani. Katika tezi za mate skani hiyo hupotosha, kwa kuwa hata adenoma pleomofiki isiyo na madhara huweza kunyonya sukari hiyo kwa wingi. Hakuna lishe wala picha inayochukua nafasi ya kuuondoa uvimbe na kuuchunguza kwa hadubini.

Hoja ya wanaosita si ya kupuuzwa. Neva inayoendesha misuli ya uso hupita katikati ya tezi iliyo mbele ya sikio, na hofu ya uso kupinda ni halali. Kwa mzee mwenye maradhi mengine mazito, kufuatilia kwa makini kwaweza kuwa uamuzi wa busara. Lakini kwa mtu mwenye afya, upasuaji ni rahisi zaidi uvimbe ukiwa mdogo. Saratani ikishaizingira neva, pengine daktari hulazimika kuikata.

Wajibu wa mhudumu wa afya basi uko wazi. Uvimbe wa tezi ya mate usiopungua kwa wiki chache usiendelee kutibiwa kwa viuavijasumu. Mgonjwa apewe rufaa afanyiwe ultrasaundi na kufyonzwa seli kwa sindano nyembamba. Usitumbuliwe wala kukamuliwa, kwa kuwa seli zinazomwagika huota upya. Uondolewe pamoja na tishu salama inayouzunguka, kisha wote upelekwe maabara ya patholojia. Saratani changa inaweza kujificha katika kona moja ya uvimbe wa zamani, na ikigunduliwa kabla ya kuvuka ganda, matumaini ya kupona huwa makubwa.

Mgonjwa naye azijue dalili za hatari: uvimbe wa siku nyingi unaoanza kukua kwa kasi, maumivu, ganzi, uso kulegea upande mmoja, au tezi za shingo kuvimba. Zikitokea, aende hospitali siku hiyo hiyo. Lakini lililo bora ni kutozingoja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na uvimbe huu ni wa kuondolewa ungali kimya.